Kinga ya mtoto mchanga huanzia tumboni mwa mama

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, juma hili tunaomba ruhusa ya kuanza na jambo linalotuhusu sisi wenyewe wa kamati ya msikiti, kabla hatujamnasihi mtu mwingine yeyote.

Mwaka juzi, masika yakiwa yameshika, tulialikwa akika katika nyumba moja isiyo mbali na msikiti wetu hapa Mkuyuni. Mbuzi alichinjwa, maulidi yakasomwa, na mtoto wa siku saba akatolewa ndani akiwa amefungwa kanga mbili. Alipita mikononi mwa watu wasiopungua ishirini, na wengi wao walimbusu. Mmoja wetu alikuwa na mafua siku ya tatu. Alimpokea mtoto, akamsomea dua uso kwa uso, kisha akampa aliyeketi pembeni yake. Hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea na ndivyo tulivyopokelewa sisi tulipozaliwa.

Siku ya tano baada ya shughuli ile mtoto alianza kukohoa. Siku ya saba alikuwa hanyonyi tena, na mbavu zake zilikuwa zikibonyea kila anapovuta pumzi. Bibi yake alisema ni mchango wa kawaida, wangoje kupambazuke. Kulipopambazuka, mvua ilikuwa imeharibu njia. Bodaboda iliwafikisha mjini Morogoro adhuhuri, mama nguo zikiwa zimelowa chapachapa na mtoto midomo ikiwa imebadilika rangi. Aliwekewa oksijeni, akalazwa siku nane, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akarudi nyumbani akiwa hai. Leo anakimbia uwanjani mwa msikiti. Hatujui ni nani katika sisi aliyempa ugonjwa ule. Tunajua tu kwamba tulikuwa na mafua, na tulimbusu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza, kusoma na kusikiliza wataalamu. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea hapa.

Ugonjwa wenyewe

Katika sababu za kichomi na kubanwa pumzi kwa watoto wachanga, mojawapo iliyo kubwa kuliko nyingine duniani ni virusi vinavyojulikana kwa kifupi RSV. Viligunduliwa mwaka 1956 nchini Marekani. Kwa mtu mzima mwenye afya huleta mafua ya siku chache tu, naye huendelea na shamba lake au duka lake. Kwa mtoto wa mwezi mmoja hali ni nyingine. Njia zake za hewa ndani ya mapafu ni nyembamba mno, na zikivimba kidogo na kujaa ute, hewa hukosa pa kupita.

Watafiti walikadiria kuwa katika mwaka 2019 pekee virusi hivi vilisababisha vifo vya watoto zaidi ya 100,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Karibu nusu ya hao hawakuwa wametimiza miezi sita. Na katika kila watoto 100 waliofariki, 97 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Virusi ni vilevile kila mahali. Linalotofautisha ni umbali wa kituo cha afya, uhaba wa oksijeni, na saa zinazopotea nyumbani watu wakingojea kupambazuke.

Nani humletea mtoto?

Swali hili halikujibiwa Ulaya. Lilijibiwa na jirani zetu wa Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti wamevifuatilia virusi hivi kwa miaka mingi. Kati ya Desemba 2009 na Juni 2010 walizifuatilia familia 47 za vijijini, kila moja ikiwa na mtoto mchanga na angalau ndugu yake mmoja mkubwa. Kila baada ya siku tatu au nne walichukua sampuli puani mwa watu wote wa nyumba, awe anaumwa au haumwi, ili waone virusi vinaingia kupitia kwa nani na vinatoka kwake kwenda kwa nani.

Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa walivipata kutoka kwa watu wa nyumba yao wenyewe. Mara nyingi aliyevileta alikuwa kaka au dada mkubwa, hasa yule anayekwenda shule.

Natulitafakari jambo hili, enyi wazazi. Mtoto wetu wa miaka saba asubuhi yuko shuleni, alasiri yuko madrasa, amekaa bega kwa bega na wenzake katika mkeka mmoja. Jioni anarudi, na kwa mapenzi yake anakwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Hana kosa lolote, na hatuwezi kumzuia asisome. Ndiyo maana wataalamu walijiuliza: ikiwa hatuwezi kumzungushia mtoto mchanga ukuta, je, tunaweza kumpa silaha kabla hajazaliwa?

Hifadhi iliyomo katika maumbile

Jibu Mwenyezi Mungu (s.w.) aliliweka katika maumbile ya mama tangu zamani. Katika Suratu Luqman tunakumbushwa jinsi mama anavyobeba mimba katika udhaifu juu ya udhaifu. Ndani ya udhaifu huo mna hazina. Mwili wa mama, kila unapopambana na ugonjwa au unapopata chanjo, hutengeneza kingamwili. Kingamwili hizo hupita katika kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba aliyowekewa na mama yake. Akiba hiyo hupungua mwezi hadi mwezi, lakini humlinda katika kipindi kile ambacho mwili wake haujajifunza kujitetea.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupata akiba ndogo, na kwa sababu hiyo huhitaji uangalizi mkubwa zaidi. Baada ya kuzaliwa, maziwa ya mama, na hasa yale mazito ya mwanzo tunayoyaita dang'a, huongeza ulinzi mwingine. Zipo nyumba ambazo bado humwaga dang'a kwa kudhani ni uchafu. Tunasema bila kificho kwamba huko ni kumnyang'anya mtoto haki aliyopewa na Mola wake.

Jambo tulilokwisha kulishuhudia

Asidhani msomaji kwamba kumchanja mama ili kumlinda mtoto ni mambo mageni. Wazee wetu wa Kinole na Tegetero wanakumbuka watoto waliozaliwa wazima, wakalia, wakanyonya, kisha katika wiki ya kwanza au ya pili wakakakamaa mwili na kushindwa kufungua kinywa. Hiyo ilikuwa pepopunda, iliyoingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu au kilichopakwa majivu na udongo. Wengine walizikwa kabla ya siku ya akika.

Leo ugonjwa huo kwa watoto wachanga umekuwa nadra hata vijana wetu hawaujui. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeutokomeza kwa kiwango cha kutokuwa tena janga la afya ya jamii. Waliopata chanjo ni mama zao wakiwa wajawazito, kwa sindano ile ya begani wanayopewa kliniki, ikaenda pamoja na uzazi salama na usafi wa kitovu. Kila mmoja wetu aliye chini ya miaka arobaini na anasoma safu hii, yumkini mama yake alichomwa sindano hiyo kwa ajili yake, bila hata ya yeye kujua.

Nchi nyingine zilifuata njia hiyohiyo kwa magonjwa ya kifua. Uingereza, baada ya kifaduro kuua watoto wachanga 14 mwaka 2012, ilianza mwaka huohuo kuwachanja wajawazito dhidi yake.

Chanjo mpya, na historia yake yote

Sasa ipo chanjo ya mama mjamzito dhidi ya RSV. Njia ya kuifikia haikuwa nyepesi, na ni haki yenu kuijua yote, maana uvumi hustawi pale ukweli unapofichwa.

Katika miaka ya 1960 nchini Marekani walijaribu kuwachanja watoto wenyewe kwa virusi vilivyouawa. Jaribio lile lilikwenda vibaya: watoto wengi waliochanjwa waliugua zaidi walipokutana na virusi halisi, na wawili walifariki. Utafiti ulidorora kwa miongo kadhaa. Ilipofika mwaka 2013 wanasayansi walitambua kwa hakika umbo la protini ambayo virusi hutumia kuingilia chembe ya mwili wa binadamu, na kutokana na umbo hilo chanjo za sasa zikatengenezwa. Chanjo ya mama hutumia kipande hicho cha protini tu. Haina kirusi kizima, si hai wala aliyekufa.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi 18, zikiwemo Gambia na Afrika Kusini, likiwahusisha wajawazito wapatao 7,400. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaliwa, maradhi makali ya kifua yatokanayo na RSV yalipungua kwa takriban asilimia 82 miongoni mwa watoto ambao mama zao walichanjwa. Hadi kufikia miezi sita, kupungua huko kulikuwa takriban asilimia 69.

Je, haina madhara? Wengi walipata maumivu ya mkono, uchovu au kuumwa kichwa kwa siku chache. Liko pia jambo lililochunguzwa kwa makini zaidi. Mwaka 2022 kampuni ya GSK ilisimamisha majaribio ya chanjo yake kwa wajawazito baada ya kuonekana ongezeko la watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Katika chanjo hii iliyoidhinishwa, tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo, isiyotosha kuthibitisha kuwa chanjo ndiyo sababu. Hata hivyo Marekani iliamua itolewe kuanzia wiki ya 32 hadi ya 36 ya mimba kwa tahadhari. Uingereza na Argentina zilianza kuitoa kwa wajawazito mwaka 2024. Shirika la Afya Duniani, katika waraka wake wa Mei 2025, lilipendekeza nchi zote ziwe na njia ya kuwakinga watoto wachanga dhidi ya RSV. Njia mojawapo ni kumchanja mama kuanzia wiki ya 28. Nyingine ni kumpa mtoto mwenyewe sindano ya kingamwili zilizokwisha kutengenezwa.

Hapa kwetu, wakati tunaandika, chanjo hii haimo katika ratiba ya taifa ya wajawazito. Basi yupo atakayeuliza: kwa nini mnatuchosha na kitu ambacho hatuna? Kwa sababu mbili. Kwanza, chanjo ikifika ikawakuta watu hawajui lolote, uvumi huwa umekwisha kutangulia. Pili, mama anayesubiri wiki za mwisho za mimba ndipo aende kliniki huenda asinufaike ipasavyo na chanjo za mimba, hata hiyo ya pepopunda iliyopo leo. Mwili wa mama huhitaji takriban wiki mbili kutengeneza kingamwili za kumpitishia mtoto. Pepopunda nayo, kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, huhitaji dozi mbili zilizoachana kwa wiki nne, na ya pili ipatikane angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Anayechelewa hesabu humkataa.

Kutawakali na kutahadhari

Tulipolifikisha suala hili katika kikao cha kamati, mzee wetu mmoja, mtu wa swala na mwenye heshima, alisema: "Mwanangu Katibu, roho iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Watoto wangu tisa walipita katika mikono hiyohiyo, na wote ni wazima. Msituletee hospitali msikitini."

Hatukumpuuza, kwa sababu nusu ya kauli yake ni imani yetu sote. Roho iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Tulimkumbusha kwa adabu kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, na akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Maana ya jibu la Umar ni kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu huyohuyo. Na Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi sindano ya mama ni kamba ya ngamia, na dua ya mama ni kutawakali. Muumini hahitaji kuchagua kimojawapo.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Niliowataja ni tisa. Wa kumi sikumtaja." Hakueleza zaidi, nasi hatukumuuliza. Kikao kilipitisha maazimio, naye aliyaunga mkono.

Tuliyoazimia

Kwanza, mtoto katika akika ataonekana bila kupitishwa mkono kwa mkono. Atabaki na mama yake au bibi yake, na wageni watamwombea dua wakiwa mbali kidogo. Mwenye mafua au kikohozi, awe shehe, mjomba au rafiki wa baba, hatamsogelea. Hilo tumejiwekea sisi wa kamati kabla ya yeyote.

Pili, tahniki, yaani kumpaka mtoto tende iliyolainishwa kwenye kaakaa, ni sunna tunayoipenda na hatuiachi. Lakini anayeumwa kifua asitafune tende atakayopakwa mtoto. Aifanye mzazi au jamaa mwenye afya, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Tatu, waalimu wetu wa madrasa watawafundisha watoto kukoholea kiwikoni, na kunawa mikono wakifika nyumbani kabla ya kumgusa mdogo wao.

Nne, kila mwezi baada ya swala ya Ijumaa kutakuwa na tangazo fupi la kuwakumbusha waume kuwapeleka wake zao kliniki mapema, kabla mimba haijatimiza wiki 12. Tunasema waume kwa makusudi. Vilevile tunawataja wajomba, kwa kuwa hapa Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba na la bibi linaweza kumtoa mama nyumbani au kumzuia. Mama wa milimani anayeshuka kwa miguu na mimba ya miezi mitano, akiwa na mzigo wa ndizi kichwani kwa sababu siku ya kliniki ndiyo siku ya gulio, asiambiwe kwamba uzembe ni wake.

Tano, kutokana na sadaka tumetenga mfuko mdogo wa nauli, ili mtoto anayebanwa pumzi usiku asingojee kupambazuke kwa kukosa fedha ya pikipiki.

Dalili zisizongoja asubuhi

Mama, bibi, na wewe baba, yashikeni haya kwa moyo. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, huo ni ugonjwa wa hatari. Kwa mwenye miezi miwili hadi kumi na miwili, ni mara 50 au zaidi. Hesabuni kwa saa dakika nzima, mkilitazama tumbo lake likipanda na kushuka. Vilevile mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akikoroma kila pumzi, pumzi ikikatika kwa muda, au midomo ikigeuka rangi, mpelekeni kituo cha afya saa ileile. Msimpe dawa za kikohozi za dukani, na msimfukize. Moshi wenyewe ni adui wa mapafu yake. Mama anayepika kwa kuni asimbebe mgongoni jikoni ikiwa yupo wa kumshikia.

Ndugu zetu, mtoto mchanga ni mgeni aliyetufikia bila ya uwezo wa kusema anachohitaji. Mama yake amembebea akiba kwa miezi tisa. Linalobaki kwetu ni kumfikisha mama huyo kliniki mapema, na kuyazuia mafua yetu yasifike usoni mwa mwanawe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wajawazito wetu, awape uzazi wa salama, na awajaalie watoto wetu pumzi nyepesi na umri wenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.